Kimya cha Mama Foleni

Waliomjua Justa Shigela kwa kaseti hawakumjua. Nalisema hili mapema ili tusisumbuane, maana kila nikimtaja hapa Mkuyuni, ninapouza mitumba yangu, hakosekani mtu wa kuniambia, "Aa, Mama Foleni! Yule ninaye nyumbani, pande zote mbili." Huna kitu nyumbani, ndugu yangu. Una mkanda tu, na kilichokuwa kizuri hakimo.

Mimi nilimjua kabla ya mkanda. Tulikuwa pamoja kwenye bendi ya kiwanda cha kuchambua pamba, Vumbi Jeupe Jazz. Jina hilo tulibandikwa na wafanyakazi wenzetu kwa sababu tulipanda jukwaani tukiwa bado na nyuzi za pamba kichwani. Mimi Antoni nilipuliza saksafoni. Justa kazi yake ilikuwa mizani: siku za kazi alipima pamba, na Jumapili alasiri, bendi ikipumzika katikati ya dansi, alipanda yeye peke yake akachekesha. Zamani hizo bendi isiyo na vichekesho ilikuwa nusu bendi, na watu walidai kiingilio chao bila aibu.

Nasema alipanda peke yake, lakini nyuma yake alibaki mtu mmoja ambaye hakuwahi kupumzika nasi. Huyo ni mpiga dramu wetu, Mzee Otuoma, Mjaluo wa Shirati, mrefu, mkimya, mtu wa kukaa na wewe tangu asubuhi hadi jioni ukaja kukumbuka kwamba hajasema neno. Sisi tukienda kunywa soda, yeye alibaki kwenye kigoda chake, mguu juu ya kanyagio la ngoma kubwa, akimngoja Justa.

Kichekesho chao kikubwa kilikuwa cha foleni, na ndicho kilichompa Justa jina la Mama Foleni. Wenye umri wangu wanakumbuka miaka ile ya shida, sukari na sabuni vikisikika tu kwamba vimeletwa duka la ushirika. Ukichoka kusimama uliacha jiwe lako kwenye mstari likushikie nafasi, ukaenda kupika. Asubuhi ungekuta mstari mzima ni mawe, hakuna mtu. Justa alijifanya mama aliyefika kwenye foleni hiyo akakuta mawe matupu. Aliyaamkia. Jiwe kubwa lililochomekwa mbele alilipigia goti, "Shikamoo, mwenyekiti," kwa sababu jiwe la mwenyekiti wa tawi lilijulikana. Halafu aliinua macho akaitazama milima yetu ya Mwanza, yale majabali yaliyopandana kila mahali, akawauliza watu kwa sauti ya kuonea huruma: "Nyie mnayaona yale kule juu? Na yale ya ziwani? Mnadhani ni mawe tu. Ile ni foleni."

Akanyamaza.

Akawapa watu mgongo, akaanza kufunga upya kitenge chake, taratibu, kama yuko chumbani kwake. Ukumbi mzima kimya. Kimya kile kiliendelea hadi wewe mwenyewe unaona aibu, unadhani kasahau. Kisha nyuma kabisa mguu wa Otuoma ulishuka, dum, mara moja tu, na Justa akageuka humo humo ndani ya mlio: "Ya sukari."

Najua kwenye karatasi hakichekeshi. Niliwahi kumsimulia shemeji yangu, akaniuliza kama ninaumwa. Lakini pale ukumbini watu walianguka. Niliona watu wazima wenye vyeo wakishikana mabega wasidondoke, na wengine wakifuta machozi ambayo, ukiyatazama vizuri, hayakuwa yote ya kicheko.

Siku moja nilimuuliza Otuoma anajuaje wakati wa kupiga. Alinitazama kama vile nimemuuliza anajuaje kumeza.

"Antoni, mtu anacheka kwa pumzi," alisema. "Kama ameshaitoa, atacheka kwa ipi? Mngoje aivute kwanza. Tazama mabega."

Mabega. Alikaa kule nyuma akiangalia mabega ya watu. Justa akitaja foleni, watu walivuta pumzi wakingoja, mabega yakapanda, na yule bwana aliendelea kungoja, akawaacha hapo juu wananing'inia, na alipoona sasa mabega yanataka kushuka yenyewe, ndipo alipopiga. Kwenye muziki alifanya vilevile. Kabla ya chemko, pale wimbo unapotaka kukolea, alikata kila kitu ghafla. Gitaa kimya, mimi kimya, wachezaji mguu mmoja hewani. Halafu akatuachia, na ukumbi ukalipuka. Kwake kuchezesha na kuchekesha vilikuwa kazi moja. Sisi wapulizaji na wapiga gitaa tulijiona ndio bendi, lakini ukweli ni kwamba tulikuwa tunaingia pale alipotufungulia mlango.

Na Justa akiwa amewapa watu mgongo hakuweza kuyaona mabega. Alimwachia Otuoma yote. Miaka yote hiyo hakuwahi hata siku moja kutamka neno la mwisho kabla hajasikia ngoma. Nilimuuliza haogopi siku moja mzee akisinzia. Alinicheka. "Akisinzia nitazeeka pale pale nimegeuka," alisema.

Basi ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka yakajaa, sukari ikauzwa hadi kwenye vibanda vya wauza dagaa, na foleni ikabaki hadithi. Ungedhani kichekesho kingekufa, lakini wapi, watu walikicheka zaidi kwa sababu sasa walikuwa wameshiba. Ila ruksa hiyo hiyo ilileta mitumba, ikaleta wanunuzi wapya wa pamba wenye malori yao, na kiwanda chetu kikaanza kukohoa. Tulipunguzwa. Neno zuri hilo, kupunguzwa, kama vile tulikuwa chumvi kwenye mchuzi. Wakatuacha na vyombo vya muziki kwa sababu hakuna mwekezaji aliyetaka ngoma zilizotobolewa na panya.

Tukahamia baa ya Odeta hapa Mkuyuni, Jumapili kwa Jumapili. Wenzetu walikuwa na vishamba, wengine walikuwa na kaka zao huko Geita. Justa hakuwa na shamba wala kaka. Mume alikwisha kumwacha na watoto watatu, na ndiyo miaka shule zilipoanza kudai michango kwa kila kitu hadi chaki. Mizani ilikuwa imekwenda. Alibaki na jukwaa tu, na jukwaani alibaki na kile kimya chao wawili. Hicho ndicho alichokuwa nacho duniani, sisemi kwa kumwonea huruma.

Ndipo akaja Ngosha.

Ngosha alikuwa na duka la redio na kaseti pale Mirongo, kijana mnene, mchangamfu, mwenye pete kidoleni na neno "biashara" kila baada ya sentensi. Sitaki kumsingizia ubaya. Alimpenda Justa kwa dhati, alicheka kuliko mtu yeyote, na siku aliyotuletea kinasa sauti chake pale kwa Odeta aliomba radhi kwa kutusumbua. Alirekodi kila kitu kama kilivyokuwa, kimya kikiwamo, na kutoa kaseti nzuri yenye picha ya Justa kwenye jalada akiwa amebeba jiwe.

Kaseti zikauzwa. Baada ya muda zikaanza kurudi. Watu walizileta dukani wakiwa wamekasirika, wakisema mbovu. Mama anaongea vizuri, anataja foleni, halafu mkanda unakufa. Mmoja alieleza kwamba amebadilisha betri zote na bado. Mwingine aliipiga redio yake kofi hadi kifuniko kikang'oka. Ukiwa nyumbani kwako, na Justa humwoni akifunga kitenge, kimya si kimya, ni hitilafu. Na wakati wewe unahangaika na betri, Justa alikwisha kusema "ya sukari" na kwenda zake.

Ngosha alikuja kutueleza akitokwa jasho. "Mama, samahani sana, lakini biashara ni biashara. Kimya siwezi kumuuzia mtu. Anadhani redio imekufa."

"Sasa utafanyaje?" Justa aliuliza.

"Nitakikata. Halafu pale pale nitaweka kicheko, watu wajue ndipo penyewe."

Otuoma alikuwa anakaza ngozi ya ngoma yake. Alisikia yote. Mimi nikamwona Justa anamtazama akingoja aseme, na alipoona hasemi, akakubali.

Kicheko kilichowekwa kilikuwa cha Ngosha mwenyewe, alijirekodi dukani: heheheee, hehe. Mnakijua. Na mlio wa ngoma aliuondoa kwa sababu bila kimya ulisikika kama mtu amegonga meza. Ikawa: ile-ni-foleni-ya-sukari-heheheee. Kaseti hiyo haikurudishwa hata moja. Ilipigwa kwa vinyozi, ikapigwa kwenye vibanda vya chipsi, ikafika Shinyanga na Bukoba, na kila aliyekuwa na redio yenye sehemu mbili za kaseti alimrekodia jirani yake. Watoto waliitamka yote bila kumeza mate.

Sasa njoo nasi kwa Odeta, Jumapili moja ya jua kali, baa imefurika hadi nje kwa sababu Mama Foleni kawa mtu maarufu. Justa kapanda. Anayaamkia mawe, watu wanaamkia naye. Anapiga goti kwa mwenyekiti, wanasema "shikamoo mwenyekiti" kabla yake. Anauliza, "Mnayaona yale kule juu?" na kabla hajageuka baa nzima inapayuka, "Ya sukari!"

Wiki ya kwanza alistahimili. Wiki ya pili pia. Otuoma aliendelea kama zamani: Justa akigeuka, alitazama mabega, akangoja. Lakini mabega hayakupanda tena. Watu walikuwa wanajua, na anayejua havuti pumzi. Mzee wa watu alingoja kitu ambacho hakikuja, kimya kikawa kirefu mno, na watu wakaanza kupiga miluzi. "Piga, mzee! Kalala huyo! Mwamsheni babu!"

Siku ninayoikumbuka Justa alikuwa kageuka, kitenge mkononi. Niliuona uso wake kwa sababu nilikaa upande wa pili. Kelele zilikuwa zimezidi na kuna mtu alirusha kizibo cha soda kikamgonga Otuoma begani. Justa alimtazama Otuoma. Otuoma alikuwa hamwangalii, alikuwa anawatazama wale watu kwa makini yote, mguu wake juu ya kanyagio, bado anangoja kwa uaminifu. Justa akafumba macho, akageuka, akasema, "Ya sukari!"

Baa ikalipuka. Na katikati ya vifijo, akiwa amechelewa, peke yake, Otuoma akapiga. Dum.

Wakamcheka. Walicheka kuliko walivyomcheka Justa, wakamwonyesha vidole, mtu akajigaragaza chini. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue Otuoma alikuwa kichekesho. Alikaa kidogo, kisha akainama akafungua kanyagio lake kwa bisibisi, polepole, watu wakaona nalo ni sehemu ya mchezo, wakacheka tena.

Nje Justa alimfuata mbio. "Mzee, nisamehe. Waliniharakisha."

"Leo umenipita," Otuoma alisema. Basi. Wiki hiyo hiyo alipanda basi la Musoma, akaenda kwao Shirati.

Nafasi yake ilichukuliwa na kinanda cha umeme cha Ngosha. Chombo cha ajabu, kina ngoma zote ndani, unabonyeza zinatoka. Ngosha mwenyewe alikibonyeza. Justa akisema neno la mwisho, kinanda: pa-pa-paa! Hakikuchelewa hata mara moja. Mimi waliniacha nibebe vyombo, na kupuliza kidogo pale Ngosha alipotaka "sauti ya kizamani". Ndipo nilipoanza mitumba, kiwanda kilichonilisha kikiwa kimeuliwa na nguo hizo hizo. Mnaotaka kunicheka, chekeni.

Na Justa alifanikiwa, lazima niseme. Ulipokuja uchaguzi wa vyama vingi, vyama viwili tofauti vilimkodi wiki moja. Wauza sabuni, wauza magodoro, wote walimtaka. Watoto walisoma. Alitoa kaseti ya pili, hiyo haikurekodiwa mbele ya watu, ilirekodiwa dukani, Justa anasema na Ngosha anacheka. Lakini nilimwona akibadilika hata kwa mambo ya kawaida. Ukimsalimia alikujibu kabla hujamaliza. Kwenye msiba wa Dorotea, jirani yetu, alisema pole na papo hapo akaanza kusimulia jingine, mfiwa akabaki na mkono hewani. Zamani Justa alikuwa mtu wa kukusikiliza hadi unajisikia tajiri.

Alijijua siku tuliyokwenda Ukerewe. Tulipelekwa na wauza sabuni hadi kijiji kimoja cha wavuvi upande wa mbali wa kisiwa, ambako redio zilikuwa chache na kaseti za Ngosha hazijafika. Watu wakakusanyika kwa heshima, wazee mbele, wamevaa vizuri. Justa akaanza. Akasema cha foleni, kinanda, pa-pa-paa. Akasema cha sabuni, pa-pa-paa. Watu walimtazama. Hawakuzomea, afadhali wangezomea. Walimsikiliza kama wanavyosikiliza bwana afya. Alipomaliza wakapiga makofi, na bibi mmoja mwenye mkongojo akamfuata taratibu, akamshika mkono.

"Ahsante, binti yangu. Maneno tumeyasikia," alisema. "Sasa kichekesho kinaanza lini?"

Tukarudi kwa boti. Tulipokaribia Kirumba, boti ikihangaika kupenya magugu maji, alinigeukia. "Antoni, unakujua kwa Otuoma?"

Nilikuwa nakujua. Tukaenda wawili. Alifunga zawadi zake, sukari, majani ya chai, na shuka la mama wa nyumbani, na njia nzima alikuwa anaongea, mbiombio, kwamba mzee atakubali, kwamba atamwacha Ngosha, kwamba watatafuta ukumbi mdogo wenye watu wa kuelewa. Nilimwona anaamini kwamba kile alichopoteza kipo Shirati, kimewekwa vizuri, anakwenda kukichukua.

Otuoma alitupokea vizuri mno, jambo lililoniuma zaidi. Alikuwa amekonda, anapiga ngoma kanisani siku za Jumapili na siku nyingine ana shamba la mihogo karibu na maji. Mkewe, Mama Akumu, alituwekea maji ya kunawa, akachinja kuku. Justa alipiga goti. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Justa. Karibu nyumbani."

Justa hakumwacha hata anywe chai. Alimwambia yote pale pale, akalia, akaomba radhi mara nne kwa maneno yale yale. Otuoma alimsikiliza hadi mwisho, na mwisho ulipofika akaendelea kunyamaza kidogo, halafu akaingia ndani akatoka na ngoma ya kanisa.

"Haya. Tuone," alisema.

Mama Akumu akaketi mbele kwenye mkeka kama ndiye watu wote. Hakuwahi kukisikia kichekesho hicho, mzee hakuwa mtu wa kusimulia kazi nyumbani. Justa alisimama kwenye uwanja uliofagiwa, akaamkia mawe, na Mama Akumu akaguna kwa furaha. Akainua macho, akasema ile ni foleni, akageuka, akashika kitenge. Niliona kwa macho yangu mabega ya yule mama yakipanda. Mkono wa Otuoma ulikuwa juu, umetulia.

"Ya sukari," Justa akasema.

Mkono wa Otuoma ulishuka bila kupiga. "Bado," alisema kwa upole. "Rudia."

Akarudia. Akawahi. Akarudia tena, akawahi tena. Nilimwona akiuma midomo, mdomo ukajifungua wenyewe. Otuoma alimwambia asiseme hadi amwambie, akasema hata hivyo. Alimwambia ahesabu moyoni, akahesabu kwa mbio. Mama Akumu alijitahidi, kila mara alijifanya hajui kitakachokuja, mpaka akachoka na kuangalia chini kwa huruma. Jua lilihama uwanjani na bado walikuwa pale pale. Mwisho Justa alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akasimama hivyo amewapa mgongo, na kutoka ndani ya viganja tukalisikia neno likitoka, kabla ya ngoma.

Otuoma akaiweka ngoma chini.

"Sina cha kukupa, Justa," alisema. "Ungekuwa umekiacha kwangu ningekurudishia."

"Bado umenikasirikia. Ni kwa sababu walikucheka."

"Wale?" Alitikisa kichwa. "Watu walevi wa Jumapili, wacheke. Ila wewe ulijua nakuja. Ulijua kabisa kwamba nakuja, na hukuningoja."

Justa hakujibu haraka. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile nzima. Mama Akumu akasema tule, kuku atapoa, tukala, kuku alikuwa mnono lakini mimi sikuisikia ladha yake. Kesho yake tukarudi Mwanza. Nilikuwa na hasira naye, na Ngosha, na wale wenye betri zao, na nchi nzima iliyopata kila kitu dukani ikakosa subira ya kusikia neno moja.

Jumapili iliyofuata alikuwa juu ya lori la wauza sabuni, kwenye kiwanja hapa hapa Mkuyuni. Watoto walidaiwa michango ya shule, na mtu hawezi kuacha kazi kwa sababu ya huzuni. Watu walikuwa wengi ajabu, wengine wamepanda juu ya majabali. Ngosha kwenye kinanda, kinasa sauti miguuni pake. Justa alianza kile cha mama anayefua suruali ya mumewe na kukuta kitu mfukoni, ambacho wote wanakijua kutoka kaseti ya pili. Alifika pale pa kusema kilichokutwa mfukoni, akaacha. Alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Jamani," alisema. "Mimi kuchekesha sijui tena."

Ngosha akabonyeza. Pa-pa-paa! Kiwanja kizima kikaangua kicheko.

"Nasema kweli. Nilikuwa najua. Sasa sijui."

Pa-pa-paa! Mtu mmoja pale juu ya jabali alishikwa na wenzake asianguke. Wakapiga kelele, Mama Foleni hatari, Mama Foleni atatuua. Justa aliwatazama. Machozi yalimtoka waziwazi, akayafuta kwa kitenge, nao wakayacheka machozi.

"Kulikuwa na mtu ananingoja," alisema, na kinanda hakikumngoja amalize.

Ngosha aliirekodi siku ile yote. Aliniambia jioni, akinipa mkono kwa furaha, kwamba Mama hajawahi kuwa mkali namna ile. Kipande hicho kipo kwenye kaseti ya tatu, upande wa pili. Amekata kila mahali Justa alipovuta pumzi, kwa hiyo anasikika kama mtu anayefukuzwa, na kicheko cha Ngosha kinaanza kabla Justa hajamaliza kusema hajui. Watu wananiambia ndicho wanachokipenda kuliko vyote.